Namba Huzaliwa Mlangoni

Wanangu, swali mnaloniletea ni lile lile, awe ameliuliza mhitimu wa chuo kikuu au kijana anayeshinda akiuza vifuniko vya simu mtaa wa Aggrey: "Bibi, nisome programu gani ili nipate kazi kwenye mashirika ya kimataifa?" Halafu mnaanza kunitajia: Stata, SPSS, Power BI, Python, na siku hizi mmeongeza akili mnemba. Najua mnakoyatoa. Matangazo ya kazi yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp yanataja majina hayo hayo, na kila tangazo la afisa ufuatiliaji na tathmini linadai uzoefu wa miaka mitano kwa kijana ambaye hakuna aliye tayari kumpa mwaka wa kwanza.

Jibu fupi ninalo. Ijueni Excel mpaka isiwatishe, kisha ODK au KoboToolbox kwa kukusanyia majibu, kisha chagueni moja kati ya R na Stata, na anayependa ramani aongeze QGIS. R, ODK na QGIS ni za bure. Stata inauzwa ghali, na nakala ya wizi mnayopeana kwenye flashi itawaaibisha siku mwajiri atakapotaka kuona leseni. Mwenye bidii anavijua hivi kwa miezi kadhaa. Nimemaliza la programu, na aliyefuata hilo tu anaweza kuondoka.

Anayebaki asikilize, kwa sababu programu zote hizo zina ulemavu mmoja: zinapokea namba bila kujua imetoka wapi. Ukiingiza uongo, zitakutolea wastani wa uongo, na mchoro wa rangi juu yake.

Mimi nilianza kazi hii kwenye sensa ya mwaka 1978, karani kijana mwenye madodoso ya karatasi na penseli. Nchi nzima tulikuwa watu milioni 17 na nusu, na mkoa wa Dar es Salaam watu 843,090. Tarehe 23 Agosti 2022 makarani wenzenu walipita na vishikwambi, wakatuhesabu 61,741,120, na Dar es Salaam peke yake 5,383,728. Kishikwambi kimetuondolea miezi ya kunakili na makosa ya mwandiko mbaya, na namshukuru aliyekibuni. Lakini mtu bado anabisha hodi, mlango unafunguliwa, na kinachosemwa pale kati ya wageni wawili ndicho kinachogeuka kuwa namba. Hapo pamebaki vile vile.

Baada ya sensa nilikaa miaka mingi kwenye bei. Wengi wenu mnasikia kwenye taarifa ya habari kwamba mfumuko wa bei umekuwa asilimia kadhaa, mnadhani kuna mashine inayoutoa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inaukokotoa kila mwezi kutokana na bei zilizoandikwa na watu waliokwenda sokoni kwa miguu. Soko letu la Kariakoo, jengo lile alilolichora Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975, nilikuwa nalijua kwa harufu kabla moto wa Julai 2021 haujaliunguza. Ulikuwa ukishuka shimoni, chini ya jengo, unakutana na nyanya, na nyanya ndiyo shule ya kwanza ya takwimu.

Nyanya zinauzwa kwa fungu, kwa sado, kwa ndoo na kwa tenga. Sado moja inapangwa mpaka inaota kichwa, nyingine inakatwa sawa na mdomo wa kopo, na zote mbili zinaitwa sado. Mchuuzi wa mafungu ana akili kuliko wachumi wengi niliokutana nao: mvua ikiharibu barabara, habadilishi bei ya fungu. Fungu linabaki shilingi 1,000, ila lililokuwa na nyanya sita sasa lina nne. Kijana niliyemtuma aandike bei analeta "fungu, 1,000" mwezi wa kwanza, na mwezi wa nne analeta tena "fungu, 1,000". Ukiweka kwenye kompyuta, bei haijasogea hata nukta. Mama anayepika anajua kwamba imepanda kwa nusu nzima. Dawa yake ni kubeba mzani, kununua fungu kwa fedha ya ofisi, na kulipima. Jambo la kizamani kabisa, na hakuna programu itakayokufanyia.

Gunia nalo vivyo hivyo. Tangu mwaka 2008 kuna utafiti mkubwa unaofuatilia kaya zile zile nchini, ambao Ofisi ya Takwimu inaufanya kwa kushirikiana na Benki ya Dunia. Mkulima akiulizwa kavuna kiasi gani anajibu kwa debe na gunia, kama babu yake alivyojibu. Gunia lenye kilo 100 kwenye karatasi ni jambo moja, na lumbesa inayoshushwa kwenye fuso alfajiri ikiwa imeshonewa kilemba ni jambo jingine. Anayegeuza magunia yote kuwa kilo kwa kuzidisha na 100 amefanya hesabu sahihi ya kitu ambacho hakipo. Ndiyo maana nikimwona kijana ameandika "kiasi: 5" bila kipimo pembeni, namrudisha sokoni siku hiyo hiyo, hata kama jua linawaka.

Tukitoka kwenye vitu tukaja kwa watu, Kariakoo inafundisha zaidi. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku ule wa kuamkia siku ya sensa. Sawa, ndivyo ilivyopangwa, na ina sababu nzuri, kwani mtu hawezi kulala mahali pawili. Lakini simameni makutano ya Msimbazi na Uhuru saa sita mchana siku ya kazi, mwone. Kuna wanaotoka Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara; kuna wa Mbeya na Mwanza waliokuja kuchukua mzigo; kuna wageni kutoka Zambia, Kongo, Komoro na Malawi. Usiku wote hao wameondoka, na vyumba walivyokuwa wakilala wazee wetu vimegeuzwa stoo za viatu na vitenge. Mtu akipanga vyoo, maji na magari ya taka ya kata hii kwa kutumia idadi ya waliolala, atakuwa amewapangia wachache waliobaki na kuwasahau wale wanaoujaza mtaa mchana. Hakudanganya. Ametumia namba rasmi, halali, iliyojibu swali tofauti na lake. Makosa ya namna hii nimeyaona kwenye ripoti zilizoandikwa na watu wenye shahada tatu.

Sasa ingieni ndani ya duka mkamwulize mwenyewe anauza shilingi ngapi kwa siku. Mtaambiwa biashara mbaya. Mwaka huu mbaya, mwaka jana mbaya, tangu enzi za Mwinyi mbaya. Mfanyabiashara wa Kariakoo akimwona mgeni mwenye kishikwambi anaona Mamlaka ya Mapato, na ana sababu. Mei 2023 maduka haya yalifungwa kwa mgomo wa malalamiko ya kodi, mpaka Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, akaja kukaa na wafanyabiashara hapo Mnazi Mmoja. Aliyepita wiki ile kuuliza mauzo ya siku hakuandika mauzo, aliandika hofu kwa tarakimu.

Siwaambii msiulize. Ulizeni kwa njia ya watu wanaojua wanazungumza na nani. Kwanza salimieni, tena salamu iliyotulia. Shikamoo kwa aliyekuzidi, hata kama anauza pipi. Pili semeni mnatoka wapi, nani amelipa, na jibu lake litakwenda wapi, kwa Kiswahili ambacho hata mpishi wa mama lishe atakielewa. Tatu, mwache akatae. Ridhaa inayochukuliwa huku umemwekea mtu mguu mlangoni siyo ridhaa. Nne, tafuteni mlango wa pembeni wa swali. Mtu asiyetaja mauzo yake atakwambia bila wasiwasi amechukua mzigo mara ngapi tangu Ramadhani, marobota mangapi, na kijana wa kubeba analipwaje. Kutokana na hayo utakadiria, na makadirio yako yatakuwa na afya kuliko jibu la moja kwa moja.

Sasa niwape mfano wa vijana waliofanya vizuri, maana wazee tuna tabia ya kusifu wenzetu tu. Wengi wenu mlikuwa wadogo Desemba 2011, mafuriko yalipoingia bonde la Msimbazi. Watu zaidi ya 40 walikufa, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Kutoka hapa Kariakoo ni kuteremka tu Jangwani, unafika yalikotokea. Moja ya mambo yaliyoonekana wakati ule ni kwamba mitaa mingi ya watu wanyonge haikuwa kwenye ramani yenye maana. Kwenye karatasi za mipango palikuwa na weupe, na ndani ya weupe ule wanaishi maelfu ya watu. Tandale walikuwa wameanza kujichora mwaka huo huo wa 2011. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi, wakiwa na wakazi wa kata zenyewe, waliingia uchochoro kwa uchochoro na simu na vifaa vya GPS, wakachora nyumba, mifereji na njia, wakaziweka OpenStreetMap ambako mtu yeyote anaweza kuzichukua bure. Nyuma yao walikuwepo Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Msalaba Mwekundu na wengine. Kule Zanzibar, mwaka 2016, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walijifunza kurusha ndege zisizo na rubani kuvipiga picha visiwa vyao.

Kinachonipendeza mimi si ndege. Ni kwamba vijana wa Ramani Huria walipotaka kujua maji yalifika wapi, waliwauliza wakazi, na mkazi akaweka kidole ukutani: hapa. Walipotaka mipaka midogo ya makazi, hawakuipata kwenye kabati la ofisi yoyote, kwa sababu mipaka ya mashina ilikuwa kichwani mwa wajumbe. Mjumbe anajua nyumba ya mwisho ya shina lake ni ipi, nani amehama, nani amefiwa, na nyumba gani ina mlango wa mbele lakini watu hupitia nyuma. Kijana wa chuo akatembea na mzee yule wakigusa nyumba moja moja kwenye simu. Kijana alileta ujuzi wa kuchora, mzee akaleta ujuzi wa mahali, na hakuna aliyeweza kumaliza kazi bila mwenzake. Mradi ulikuwa na mwisho kama miradi yote. Ramani imebaki, na baadhi ya waliojifunzia pale wameendelea na kazi hiyo chini ya taasisi ya hapa hapa nyumbani, OpenMap Development Tanzania. Ukiniuliza cheti gani kina thamani, nitakutajia kile ambacho mwenye nacho anaweza kukupeleka kwenye mtaa aliouchora.

Mfano wa pili ni wa zamani kidogo na sitaki mpotee bila kuujua. Miaka ya mwisho ya tisini, Wizara ya Afya na taasisi ya utafiti ya Kanada, IDRC, waliendesha mradi uliojulikana kwa kifupi TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Wadodosaji walipita kaya kwa kaya, tena na tena, wakiandika nani amezaliwa na nani amekufa, na aliyekufa waliwauliza ndugu zake dalili zilikuwa zipi, kwani wengi hufia nyumbani bila daktari. Matokeo yakapangwa pembeni ya bajeti ya wilaya. Morogoro, malaria ilikuwa ikichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, na bajeti ya mwaka 1996 iliitengea asilimia 5. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Bajeti ilifuata bajeti ya mwaka uliotangulia, na ile ikafuata nyingine. Timu za wilaya zilipopewa picha hiyo waliyoweza kuisoma wenyewe, na nyongeza ndogo isiyofika dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka, wakahamisha fedha kwenda kwenye vinavyoua. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Rudieni sentensi ile ya timu za wilaya. Ripoti haikupelekwa Geneva ikarudi na pongezi. Ilisomwa na mganga mkuu wa wilaya na mweka hazina wake, waliokuwa na kalamu ya kubadilisha mgawanyo. Kabla hujaongeza swali hata moja kwenye dodoso, jiulize ni nani atakayelisoma jibu na kubadilisha kitu. Ukikosa jina la cheo chake, lifute. Muuguzi wa zahanati anajaza vitabu vya MTUHA, vile vya taarifa za huduma za afya, jioni akiwa amechoka, na kila mradi unaokuja unamletea rejista yake nyingine, yenye nembo yake, inayouliza yale yale kwa mpangilio mwingine. Muda wa kuzijaza unatoka kwa mgonjwa. Kijana wa takwimu atakayesimama kwenye kikao na kusema "rejista hii haihitajiki" atakuwa ameisaidia afya ya nchi hii kuliko aliyebuni rejista mpya kumi. Hatapewa tuzo, lakini wauguzi watamkumbuka.

Sasa la udanganyifu, tuseme wazi. Sisi makarani wa zamani tulikuwa na msemo: amejaza chini ya mwembe. Mtu anatumwa kaya ishirini, anahoji nne, na nyingine anazitunga akiwa kivulini na soda. Nimewahi kuajiriwa kwenye utafiti mmoja ambao posho ya wadodosaji ilicheleweshwa wiki nyingi huku magari ya wakubwa yakiwekwa mafuta kila asubuhi. Miembe ilijaa. Namlaumu aliyetunga, lakini namlaumu zaidi aliyepanga bajeti ya semina ya hotelini na kusahau nauli ya mtu anayebisha hodi. Nanyi mtakapokuwa mabosi, na wengine mtakuwa, anzeni kuilipa miguu.

Namna ya kuukamata mwembe ndiyo sehemu ya takwimu ninayoipenda kuliko zote, niruhusuni nikae hapo kidogo. Angalieni saa: kishikwambi huhifadhi muda wa kuanza na kumaliza, na dodoso la dakika 50 haliwezi kuisha kwa dakika 11 labda kaya ile iwe haina watu. Angalieni umri. Watu wetu wengi, hasa wazee, hukadiria, kwa hiyo utaona wengi wa miaka 40, 45, 50 na wachache wa 43. Hilo ni la kawaida, msimkamate mtu kwa hilo. Mlinganisheni mdodosaji na mwenzake aliyefanya kata ile ile. Kama wa mmoja wote wanaishia na sifuri na tano, na wa mwenzake la, ana maswali ya kujibu. Ipo pia hila ya uvivu ambayo inajulikana duniani kote kwenye tafiti za afya na uzazi, zile tunazoziita kwa kifupi DHS. Wanawake wanaohojiwa kwa kirefu ni wa miaka 15 hadi 49, na maswali ya afya ya watoto yanawahusu walio chini ya miaka mitano. Basi msichana wa miaka 15 anaandikwa 14, mama wa 48 anaandikwa 50, na mtoto wa miaka minne anakua ghafla. Kila mmoja amempunguzia mdodosaji nusu saa. Ukichora umri wa kaya zote utaona shimo upande mmoja wa mpaka na kilima upande wa pili. Anayeweza kuliona shimo hilo na kujua limechimbwaje amekwisha kuwa mtakwimu, hata kama hajafika sura ya kumi ya kitabu.

Kwa kuwa nimezitaja tafiti hizo, nizungumze na nyinyi kuhusu fedha. Utafiti wetu wa mwaka 2022 ndio uliotuambia kwamba vifo vya watoto chini ya miaka mitano vimefika 43 kwa kila vizazi hai 1,000, kutoka 67 kwenye utafiti wa 2015-16. Mpango wa DHS, ulioanza mwaka 1984 na kusaidia nchi nyingi maskini, ulitegemea fedha za Marekani kupitia shirika lake la misaada, USAID. Januari 2025 serikali mpya ya huko ikasimamisha misaada, na kufikia Julai 1 mwaka huo USAID ikawa imeacha kazi yake. Hapa mjini mliwaona wenyewe: vijana waliokuwa na kadi shingoni, gari la mradi na bima, wamerudi nyumbani na barua ya ukurasa mmoja. Hawakukosea kazi. Mkono uliokuwa ukiandika hundi ulifungwa mbali, na hakuna aliyewauliza.

Kwa hiyo nikisikia kijana anasema ndoto yake ni "kufanya kazi NGO", namrekebisha. NGO ni mwajiri, na mwajiri huja na kwenda. Chagua ufundi, halafu uujue kiasi kwamba utauzika pia kwa halmashauri ya jiji, kwa benki, kwa kampuni za simu, kwa SACCOS, na kwa tajiri wa vitenge wa mtaa wa Kongo ambaye ana matawi manne na bado hajui bidhaa ipi inamlalia stoo. Atakayemfungulia tajiri huyo macho kwa Excel tu, bila mbwembwe, atalipwa kwa fedha taslimu Ijumaa hiyo hiyo. Halafu, nafasi ya Nairobi, Addis Ababa au Geneva ikitokea, nendeni kwa baraka zangu zote. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kiko Changanyikeni, kimeanzishwa tangu mwaka 1961, kimefundisha watakwimu wa nchi nyingi. Hatukuanza jana kusafirisha ujuzi huu. Mkifika huko mkakuta watu wanaojadili "kaya ya Kiafrika" kwenye ubao, inueni mkono mkaeleze nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, wapangaji watano na mwenye nyumba anayekula kwa zamu kwa watoto wake wawili. Waulizeni hiyo ni kaya ngapi. Mtakuwa mmeanzisha mjadala wa kweli.

La sheria nitalipita haraka ila mlishike. Utafiti una vibali. COSTECH wapo, na ukigusa afya kuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na maadili yake. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa mwaka 2018 kwa kipengele kilichofanya iwe kosa kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi, kikapigiwa kelele ndani na nje, na mwaka 2019 kikalegezwa. Isomeni wenyewe, msitegemee kuhadithiwa. Na tangu Mei 1, 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi. Ile tabia yenu ya kutumiana faili lenye majina, namba za simu na majibu ya vipimo vya watu kwenye grupu la WhatsApp, ili mwenzenu akusaidie fomula, ikome leo. Mwanamke aliyekwambia hali yake ya VVU nyuma ya pazia alikuambia wewe. Futa jina, weka namba ya siri, ficha orodha ya majina mahali pengine, ndipo uombe msaada wa fomula.

Nina neno kwa mabinti. Mambo ya uzazi, ya kupigwa nyumbani na ya fedha ambazo mume hazijui hayasemwi kwa mdodosaji mwanamume, na tafiti zinazojiheshimu hupeleka mwanamke kumhoji mwanamke. Mnahitajika, tena sana. Lakini msikubali kuachwa mlangoni milele huku wavulana wakikaa ofisini kuchambua mlichokileta. Aliyekusanya akichambua mwenyewe, anajua ni jibu gani lilitolewa huku mama mkwe amekaa pembeni. Dai kiti kwenye chumba cha kompyuta kwa adabu, kisha kwa sauti.

Na walimu wenzangu mnaofungua kozi za data kila ghorofa la mji huu, mkitoza laki kadhaa kwa cheti chenye muhuri: acheni kufundishia faili la bei za nyumba za Marekani. Mwanafunzi hawezi kugundua kosa kwenye kitu asichokijua. Mpe bei za nyanya ataona mara moja kwamba elfu kumi kwa fungu haiwezekani, na hapo ndipo kichwa chake kitaanza kushuku namba, jambo ambalo slaidi hazifundishi. Mfundishe kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza cha ripoti kitakuja.

Mimi Jumamosi nafundisha bila ada, na nafasi hazijai kwa sababu sitoi cheti. Atakayekuja Jumamosi ijayo achukue ripoti ya sensa ya 2022 kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ni bure, atafute idadi ya wakazi wa kata za Kariakoo, Gerezani na Jangwani. Kisha achague kona moja ya mtaa wa Msimbazi, ahesabu wapita njia kwa robo saa asubuhi, robo saa mchana na robo saa baada ya maduka kufungwa, aandike tarehe, saa, upande aliosimama na hali ya hewa. Aniletee namba zote, na anieleze kwa maneno yake kwa nini hazifanani.